Je, Claire alimsaliti Frank? Na mimi, ninamsaliti mume wangu?

"Dada mshauri, asalaam aleikum. Nina miaka 36, watoto wawili, naishi Tanga. Ndoa yangu ina miaka 11, na kwa miaka 6 sasa mume wangu yuko Muskat kikazi. Huja mara moja kwa mwaka, anakaa mwezi, anaondoka. Usiku watoto wakishalala huwa natazama tamthilia. Mwaka huu nimeifuata Outlander mpaka bando la wiki likawa linaisha kwa siku mbili. Mume wangu alipokuja likizo alinikuta sebuleni usiku nalia, pale Claire anaposhuka kwenye ndege na Frank anampa mkono. Akaniuliza hadithi inahusu nini, nikamweleza. Akakasirika. Akasema yule mwanamke ni mzinifu aliyepambwa, na mwanamke anayemlilia mzinifu naye anamtafuta Jamie wake. Nikamjibu kuwa ni tamthilia tu. Siku tatu hatukusemeshana vizuri. Lakini dada, ukweli ni kwamba zipo nyakati niko na mume wangu na mawazo yangu yako kwa yule Jamie. Je, Claire alimsaliti mumewe? Na mimi, huu si usaliti?"

Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale pale uliposimama wewe: kwenye ngazi za ndege. Nitarudi hapo, kwa sababu naamini ndipo penye jambo lenyewe. Kwanza tuyaweke sawa mambo ambayo wewe na mumeo mmerushiana usiku ule, maana kila mmoja wenu ameshika nusu ya ukweli.

Kwa msomaji ambaye hajaitazama: Outlander ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Agosti 2014, ikitokana na riwaya ya Diana Gabaldon ya mwaka 1991. Claire Randall ni muuguzi aliyetumikia vitani. Mwaka 1945 yuko Inverness, Scotland, na mumewe Frank. Vita vimewatenganisha kwa miaka, wakionana siku chache tu, na sasa wako kwenye fungate ya pili wakijaribu kuzoeana upya. Claire anagusa jiwe katika duara la mawe ya kale na kujikuta mwaka 1743. Huko anaolewa na kijana wa Kiskoti, Jamie Fraser. Mwaka 1948 anarudi kwa Frank akiwa na mimba ya Jamie, akiamini Jamie ameuawa kwenye vita vya Culloden vya tarehe 16 Aprili 1746. Frank anampokea. Wanahamia Boston, Marekani, na kumlea mtoto kama wao wawili, na ndege ile ndiyo ya safari hiyo.

Mumeo anasema tamthilia hii inapamba zinaa. Wewe unasema ni tamthilia tu. Yeye amekosea kudhani kwamba mtu akililia hadithi basi anataka kuiishi. Tumelia msibani kwa wafu wasiokuwa wetu, na hatukutamani kufiwa. Lakini nawe umekosea kusema "tu". Kitu kinachomkalisha mama macho mpaka usiku wa manane, na kumfuata mpaka kitandani, hakiitwi "tu". Mumeo alilisikia hilo neno kama mlango unafungwa.

Sasa nikuonyeshe jinsi hadithi hizi zinavyofumwa, kwa sababu ukijua ufundi wake hutaweza tena kubebwa bila kujitambua. Katika tamthilia ya kawaida ya mapenzi ya watu watatu, mmoja anachepuka, mwingine anaumia, na mtazamaji anajua amlaumu nani. Tamthilia yenye miujiza ina uwezo ambao ile ya kawaida haina: inaweza kuiondoa lawama kabisa. Mwanamke hakumwacha mumewe, jiwe lilimchukua. Katika tamthilia za Kichina za miungu na dunia za juu, kama ile ya mwaka 2017 ya Bai Qian na Ye Hua, mwanamke hunywa dawa ya kusahau, na yote aliyoyapenda na yaliyomuumiza yanafutika, akianza upya bila deni. Kwingineko ni laana, au ni mtu kufa na kuzaliwa tena. Kazi ya muujiza ni moja: kumpa mtu penzi la pili bila yeye kulichagua.

Na sisi watu wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Tangu utotoni tumesikia habari za jini mahaba, yule anayempenda mwanamke wa mtu, anamjia ndotoni, anamfanya amwone mumewe mzito kama gunia. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Nataka uone kazi ambayo maneno yale yamewafanyia wanawake wengi: yamewapa njia ya kusema "moyo wangu hauko hapa" bila kuitwa malaya. Bibi zetu walikuwa na jini. Wewe una Jamie.

Waandishi wa Outlander walikwenda mbali zaidi, na jambo hili napenda ulitazame kwa makini. Adui mkuu wa msimu wa kwanza, Kapteni Randall, anatajwa kuwa babu wa kale wa Frank, na wote wawili wanaigizwa na mtu mmoja, Tobias Menzies. Kwa hiyo uso unaompiga Claire, uso unaomtesa Jamie, ndio uso wa mume aliyebaki nyumbani akimtafuta mkewe. Hakuna mahali hadithi inapokwambia umchukie Frank. Ila ukishauona ule uso ukifanya unyama, mwili wako unajikunja hata anapotokea Frank mwenyewe na kikombe chake cha chai. Wanawake wengi wameniambia, "Frank simpendi, sijui kwa nini." Sababu ni hiyo. Siku nyingine utakapoitazama, jaribu kumtenga Frank na sura yake, uone kama bado utamwona baridi vile.

Nije kwenye swali lako la kwanza. Ndoa ya Claire na Jamie haikuanza kwa mapenzi. Alikuwa karibu kukabidhiwa kwa Kapteni Randall, ambaye alikwisha kumpiga, na njia ya kumnusuru ilikuwa aolewe na Mskoti ili Waingereza wasiwe na mamlaka ya kumchukua. Mtu aliye kati ya kipigo na ndoa hana uhuru wa kuchagua, na sitamwita msaliti kwa kukubali kiapo kile. Ila tazama kinachotokea kesho yake. Pete ya dhahabu ya Frank, aliyoificha ndani ya gauni la harusi, inadondoka na kubingirika sakafuni, nusura izame kwenye ufa wa mbao. Anaiokota haraka, anaivaa, anasimama akiitazama mikono yake miwili: kushoto pete ya Frank, kulia pete ya Jamie, iliyofuliwa kutokana na ufunguo wa nyumba ya kina Jamie. Haitupi hata moja. Kwangu mimi ile ndiyo picha ya kweli kuliko zote katika msimu ule, kwa sababu hajidanganyi. Anajua ana deni pande mbili.

Hukumu yangu iko mbele zaidi, katika sehemu ya 11 ya msimu ule. Claire anamweleza Jamie ukweli wote, na Jamie anampeleka mpaka kwenye mawe ili arudi kwa mumewe. Hakuna anayemlazimisha. Njia iko wazi. Anakaa pale peke yake, anafikiri, kisha anashuka kumfuata Jamie. Kwa maoni yangu, siku ile ndiyo Claire alimwacha Frank. Usiku wa harusi aliokoa maisha yake; pale kwenye mawe alichagua mume. Unaweza kuuelewa uchaguzi wake, mimi nauelewa sana, lakini tusiuite muujiza. Watazamaji wengi huikosa tofauti hii kwa sababu muziki ni mtamu.

Utaniuliza: angefanya nini, na Frank hata hajazaliwa? Hapa dini na sheria zetu zina la kusema, kwa sababu mtu kupotea si hadithi kwetu. Mabaharia wametoka, wavuvi wametoka, habari zikakatika. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, mtu wa namna hiyo huitwa mafqud. Wamaliki, wakifuata hukumu inayonasibishwa na Sayyidna Umar, humpa mke miaka 4 ya kungoja, kisha eda ya miezi 4 na siku 10, ndipo aweze kuolewa. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi wetu huku pwani, kauli yenye nguvu ni kuwa asubiri mpaka ipatikane yakini. Sheria ya Kenya hudhania kifo baada ya miaka 7 bila habari yoyote. Utaona zinatofautiana kwa muda, lakini zote zimekataa kumwachia mtu mmoja ajiamulie kwa moyo wake usiku peke yake. Zimeweka muda, mashahidi, kadhi au hakimu. Claire hana hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo maana hadithi yake ni tamu na inatisha kwa pamoja.

Lakini mdogo wangu, ukitaka kujifunza kuhusu uaminifu wa ndoa, usikae sana Scotland. Nenda Boston. Kule hakuna mawe, hakuna upanga, hakuna farasi. Kuna watu wawili wazuri kwenye nyumba moja. Frank amezichoma nguo alizorudi nazo Claire. Kuhusu pete ya Jamie amemwambia ataivua akiwa tayari, na Claire haivui kwa miaka 20. Wanaendelea kukutana kitandani, na Claire anafumba macho. Frank anamwambia, kwa maneno yake, kwamba yeye akiwa naye huwa yuko naye kweli, ila Claire huwa yuko na yule mwingine. Baadaye wanakubaliana kila mtu awe na yake kimya kimya, ili mtoto akue na wazazi wawili. Frank anapata mwanamke mwingine. Mwaka 1966 anaomba talaka, na usiku huo huo anakufa kwa ajali ya gari. Hakuna adui katika sehemu hizo. Wamemalizana kwa ukimya.

Nilitaka uione Boston kwa sababu uliniandikia kwamba nawe huwa uko na mumeo na mawazo yako yako kwingine. Je, ni usaliti? Kwa taaluma yangu jibu ni hapana. Upande wa dini muulize mwanachuoni unayemwamini, nami sitachukua nafasi yake. Mawazo hupita kichwani mwa watu wengi walio kwenye ndoa nzuri, na picha ya mwigizaji haijamnyang'anya mumeo kitu. Watafiti Donald Horton na Richard Wohl waliueleza uhusiano wa namna hii mwaka 1956, televisheni ikiwa bado changa: mtu wa kwenye kioo anakuzungumzia, unamzoea, unaanza kumjua kama jirani, ilhali yeye hakujui. Moyo hauna chumba cha pekee cha watu wa kwenye kioo. Unawapokea palepale unapopokea wengine.

Ila hilo halina maana kuwa ni salama tu. Mwanasaikolojia Caryl Rusbult, kuanzia mwaka 1980, alieleza kwamba mtu hushikamana na mwenzi wake kwa mizani ya mambo matatu: anavyoridhika, alichowekeza, na mbadala anaouona mbele yake. Mwaka 1989, yeye na Dennis Johnson walionyesha pia kwamba watu walioshikamana sana huwa wanamshusha thamani yule mwingine anayevutia. Akili yenyewe inamtafutia kasoro ili ndoa ipone. Sasa Jamie utamtafutia kasoro gani? Amekatwa na kuunganishwa mpaka kasoro zenyewe zinapendeza. Hapigi simu akiwa amechoka na zamu ya usiku. Hajawahi kuchelewesha ada. Hawezi kuwa mbadala, maana huwezi kwenda kwake, lakini anaweza kuwa kipimo, na kwa kipimo kile hakuna mwanamume wa Tanga wala Muskat atakayefika.

Ndiyo maana nakuomba usijiulize "kwa nini namuwaza Jamie". Jiulize ni Jamie wa dakika gani. Rudi kichwani, utaona si yote. Wengine wananiambia ni pale anapopigana. Wengine, na nadhani wewe ni mmoja wao, wananiambia ni usiku wa harusi, kabla ya lolote, wanapokaa wanaongea, anauliza, anangoja ajibiwe. Au ni masharti aliyoyaweka kabla ya ndoa ambayo kila mtu aliiona ya dharura: ifungwe kanisani mbele ya padri, pete iwepo, na bibi harusi apate gauni la heshima. Dakika hiyo ukishaijua, umejua unachokikosa, na mara nyingi ni kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kukitoa akiombwa.

Sasa turudi kwenye ngazi za ndege. Claire anatokeza mlangoni, Frank yuko chini amenyoosha mkono. Anaupokea, na picha inabadilika: mkono ni wa Jamie, wako bandarini Le Havre, Ufaransa. Mumeo alipokuona unalia pale, akajiona yeye ni Frank, mume asiyetakiwa. Nawe nadhani uliogopa kuwa wewe ni Claire. Hebu tazama vizuri. Katika nyumba yenu, aliyepita kwenye mawe ni nani? Ni yeye. Yeye ndiye aliyekwenda nchi nyingine, ana chumba usichokijua, marafiki usiowajua, maneno mapya mdomoni. Wewe ndiye uliyebaki. Kila mwaka unakwenda uwanja wa ndege Dar es Salaam, anatokea na masanduku, unanyoosha mkono, na kwa siku kadhaa hujui aliyeushika ni yule uliyemsindikiza au ni mwingine. Halafu mkianza kuzoeana mwezi umekwisha. Inawezekana kabisa, mdogo wangu, kwamba ulikuwa unamlilia Frank.

Ufanye nini? Kuiacha tamthilia ni njia moja. Kama inakula usingizi na pesa ya nyumba, punguza leo. Lakini usitegemee kwamba ukiizima na upweke utazimika. Kuendelea kuitazama kwa kumficha mumeo ndiyo njia ninayoikataa kabisa. Hata ndani ya hadithi yenyewe Jamie alioa mwanamke mwingine akiamini Claire hatarudi. Hilo Claire angeweza kulimeza. Kilichomchoma ni kwamba Jamie alimficha, mpaka mwanamke mwenyewe akawaingilia chumbani.

Wala simaanishi umwendee mumeo umwambie, "Tukiwa pamoja huwa namuwaza mtu wa kwenye sinema." Utamtia jeraha ambalo hukumkusudia. Tafsiri lile wazo liwe ombi. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Baba fulani, ukija huwa tunaanza na masanduku, wageni na madeni. Mimi natamani usiku wa kwanza tukae tuongee tu, unihadithie umeishije, uniulize nimeishije." Na kwenye simu vilevile. Wengi walio na waume Ghuba huzungumza ada, kodi na homa ya mtoto, kisha simu inakatwa. Tengeni siku moja kwa wiki ambayo habari za pesa haziguswi. Na lipo swali ambalo barua yako nzima haikuligusa: mkataba wake unaisha lini? Miaka 6 ni mingi kuishi bila tarehe. Hata ikiwa ni miaka 3 mingine, ikijulikana inabebeka. Mkishindwa kutaja tarehe, ongeleeni kwenda kumtembelea, au kuhamia, au apate kazi huku kwa mshahara mdogo zaidi. Kila njia ina gharama yake, na gharama hiyo muihesabu wawili.

Yapo mambo ambayo ushauri wa maandishi hauyatoshi. Kama kuna mtu wa kweli, wa nyama na damu, ambaye umeanza kumtumia voisi na kuzifuta, tafuta mshauri wa ndoa ukae naye ana kwa ana, kabla jambo halijafika mbali. Kama usiku hulali, huna hamu ya chakula wala ya watoto kwa wiki kadhaa, nenda hospitali ukaeleze hivyo hivyo, kwani huo unaweza kuwa ugonjwa na una tiba. Kama hasira ya mumeo imewahi kuwa mkono au kitisho, hilo halihusiani na tamthilia yoyote; kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na ndugu wa karibu wajue. Na kama neno talaka limeanza kutajwa, msilimalize kwa simu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na kwa Waislamu BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wana mabaraza yao. Watu huyaogopa mabaraza haya kama mahakama, lakini nimeona wanandoa wakitoka pale wamesikilizana kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Akija safari ijayo, kama mko salama na hasira imepoa, mwombe mtazame pamoja. Chagua wewe cha kuonyesha. Mwisho wa msimu wa kwanza una ukatili mzito wa kingono, usimwanzishie huko, na watoto wawe wamelala. Anza na ile ya ndege. Usimweleze kitu, usimtetee Claire. Mwache aone mkono ule ukinyooshwa, kisha muulize yeye anamwona nani pale chini ya ngazi.